Mfungo Wetu Hauna Mwezi Mmoja

Hotuba kwa walimu wa sekondari na vijana wa dini mbalimbali, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma: namaste, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ninaloishi nalo tangu utotoni.

Kila Ramadhani ikikaribia, au Kwaresima ikianza, watu wanaonitakia mema huniuliza: "Na nyinyi Wahindu, mfungo wenu ni mwezi gani?" Jibu ni kwamba hatuna. Hakuna mwezi mmoja ambao Wahindu wote hufunga, wala amri moja inayomlazimu kila mtu. Tulicho nacho ni mwaka mzima wenye siku za kufunga, kila siku na mungu wake, kisa chake na chakula chake, na kila mtu, kila nyumba na kila ukoo huchagua zipi za kushika. Anayechagua anaweka nadhiri, na nadhiri hiyo tunaiita vrat. Ikishawekwa, uchaguzi umekwisha. Siku ya kufunga, na saa ya kufungua, hupangwa na mwezi na jua.

Nawaomba mlishike hilo la saa. Vijana wetu wakizungumza juu ya mfungo huanza na chakula: hiki kinaliwa, kile hakiliwi. Chakula nitakifikia, tena kwa furaha. Lakini kwa jinsi ninavyoielewa dini yangu, uzito wa vrat uko kwenye wakati. Mwili wako, uliozoea kula unapotaka, unakubali kungoja saa ambayo hukuipanga na huwezi kuisogeza.

Basi tuanze na hesabu. Chukulieni jua na mwezi kuwa wakimbiaji wawili kwenye uwanja wa duara. Siku ya giza wako pamoja. Mwezi una mbio zaidi, unalitangulia jua, na kila ukiliacha kwa nyuzi 12, kipindi kimoja kimekwisha. Kipindi hicho ndicho tithi. Duara lina nyuzi 360, kwa hiyo kutoka giza hadi giza tunapata tithi 30. Kumi na tano za kwanza, mwezi ukikua, sisi Wagujarati, watu wa jimbo la Gujarat magharibi mwa India, tunaziita sud. Kumi na tano za pili, mwezi ukipungua, tunaziita vad. Tukisema "Shravan vad 8" tumetaja mwezi, nusu yake na tithi yake, na anayejua hesabu hii akitazama juu usiku anaweza kukisia tarehe bila kalenda.

Ila mwezi hauendi mwendo mmoja. Njia yake si duara kamili. Ukiikaribia dunia huharakisha, ukiwa mbali hupunguza mwendo. Ndiyo maana tithi moja yaweza kwisha kwa saa kama 20, na nyingine ikakaribia saa 27. Huweza kuanza mchana kweupe, usiku wa manane, au watu wakiwa mezani. Siku yetu huanza jua linapochomoza, na kanuni ya kawaida ni kwamba tithi iliyopo wakati wa macheo ndiyo huipa siku jina lake. Tithi ikikutana na macheo mawili, siku mbili huitwa jina moja. Ikianza baada ya macheo ya leo na kwisha kabla ya macheo ya kesho, siku yake inarukwa, na kwenye kalenda utaona 6 ikifuatwa na 8.

Miezi 12 ya mwandamo ni siku kama 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waislamu wanauacha upungufu huo ujiendee, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Sisi hatuwezi kuuacha, kwa sababu siku zetu zimefungwa pia na misimu ya India: sikukuu ya Holi huaga baridi, Shravan ni mwezi wa mvua, Diwali huja baada ya mavuno. Kwa hiyo kila baada ya miezi 32 au 33 mwezi mzima huongezwa, uitwao adhik mas. Hauongezwi kwa kura wala kwa tangazo. Mwezi wa mwandamo ukipita wote bila jua kuingia buruji mpya, huo ndio wa ziada. Mwaka 2023 kulikuwa na Shravan mbili, ile ya ziada ikianza 18 Julai na kwisha 16 Agosti. Mwaka 2026 zamu ni ya Jeth, 17 Mei hadi 15 Juni. Mwezi wa ziada hauna harusi. Watu huutumia kwa ibada na kwa kuongeza mifungo.

Baada ya uhuru, serikali ya India ilitaka utaratibu mmoja. Mwaka 1952 iliunda kamati chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, nayo ikakuta kalenda zipatazo 30 zikitumika nchini. Kalenda mpya ya taifa, ya jua, ilianza rasmi tarehe 22 Machi 1957. Inaandikwa kwenye gazeti la serikali na kusomwa redioni. Nyumbani, mwezi uliendelea na kazi yake.

Sasa mfungo wenyewe. Ulio mkubwa kwa wengi wetu ni Ekadashi, tithi ya 11, sud na vad. Hiyo ni 24 kwa mwaka, na mwaka wenye mwezi wa ziada zinafika 26. Ni siku ya Vishnu, mungu mlinzi wa ulimwengu. Mfungaji haachi tu kula nafaka na kunde. Anatakiwa pia kufungua kesho yake, tithi ya 12, baada ya macheo na kabla tithi hiyo haijakwisha. Ukifungua mapema umeharibu, na ukichelewa umeharibu vilevile.

Kuna kisa cha kale kinachoonyesha jinsi dakika hizo zilivyo ngumu. Mfalme Ambarisha aliweka nadhiri, yeye na mkewe, kushika Ekadashi zote za mwaka. Mwaka ukatimia. Amekwisha kuoga mtoni Yamuna, amekwisha kuwalisha watu, anataka kufungua, mara akaingia Durvasa, mwenye hekima aliyejulikana kwa hasira kuliko kwa hekima yake. Mfalme akamkaribisha chakula. Durvasa akakubali, akaenda mtoni kuoga kwanza, akazama katika ibada yake wala asikumbuke kurudi. Tithi ya 12 ikabaki na nusu ya muhurta, ambayo ni dakika 24 kwa saa zetu. Mfalme akabanwa pande mbili. Akila kabla ya mgeni, amemvunjia mgeni heshima; asipokula, nadhiri ya mwaka mzima imeharibika. Wanachuoni wake wakamwambia anywe maji tu, kwa kuwa maji huhesabiwa kuwa ni kula na huhesabiwa kuwa si kula. Akanywa funda moja.

Durvasa aliporudi alitambua mara moja, akawaka. Aling'oa nywele zake na kuzifanya zimwi limwangamize mfalme. Gurudumu la Vishnu, ambalo ni silaha yake, likaliteketeza zimwi, kisha likamgeukia Durvasa mwenyewe. Alikimbia kila upande, akaomba hifadhi kwa mungu Brahma, kwa mungu Shiva, hatimaye kwa Vishnu, akaambiwa hakuna wa kumwokoa ila yule aliyemkosea. Aliporudi kuomba radhi ulikuwa umepita mwaka, na muda wote huo Ambarisha aliishi kwa maji, akingoja mgeni wake ale kwanza. Wahubiri wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya lile gurudumu. Mimi napenda funda la maji: mtu aliyeheshimu saa na kumheshimu mgeni ndani ya dakika 24.

Kwetu sisi tunaoishi mbali na India, suala la saa linakuwa gumu zaidi, na hapa ndugu zangu Waislamu watanielewa kuliko yeyote. Mnajua mabishano ya kila mwaka: mwezi ukionekana Saudia tufunge, au tungoje uonekane hapa? Sisi nasi tuna letu. Tithi huanza na kwisha kwa wakati mmoja dunia nzima, kwa kuwa ni pembe kati ya jua na mwezi. Macheo ndiyo hayawi mamoja. Ahmedabad, mji wa Gujarat, iko mashariki ya Dar es Salaam kwa nyuzi 33 hivi, kwa hiyo jua hutangulia kuchomoza kule, kwa wastani saa mbili na robo kabla ya huku. Ikitokea tithi ya 10 imekwisha katikati ya muda huo, jua la Ahmedabad limechomoza ndani ya tithi ya 10, na lile la Dar limechomoza ndani ya 11. Kule watafunga kesho. Sisi tunapaswa kufunga leo.

Kwa miaka mingi kalenda za ukutani zilizoletwa na wafanyabiashara zilichapishwa Gujarat kwa macheo ya Gujarat, na familia nyingi zilifunga kwa kuzifuata neno kwa neno. Siku hizi programu ya simu inakuuliza kwanza uko mji gani, na watu wa nyumba moja wanaweza kubishana, mmoja ameshika karatasi na mwingine ameshika simu. Juu yake kuna tofauti ya madhehebu. Wavaishnava, ambao Vishnu ndiye mungu wao mkuu, wanataka tithi ya 10 iwe imekwisha dakika 96 kabla ya macheo, la sivyo Ekadashi yao husogea hadi siku ya pili. Ndiyo maana kalenda nyingine huandika Ekadashi mbili mfululizo. Msimamo wangu ni kwamba mfungaji afuate macheo ya mahali alipolala, kama ilivyo kanuni, lakini sijapata kumlaumu bibi anayefunga siku moja na dada yake aliyebaki Rajkot, kule Gujarat.

Nimesema nitafika kwenye chakula. Siku ya Ekadashi mchele, ngano, dengu na maharage hukaa kabatini. Vitunguu na vitunguu saumu navyo havitumiki. Wapo wasiokula kitu. Wapo wanaokula mara moja. Wengi hula kile tunachoita farali: matunda, maziwa, viazi, viazi vitamu, muhogo, karanga, mbegu za rajgira ambazo ni jamii ya mchicha, na nafaka ndogo iitwayo samo ambayo nyumba nyingi za Gujarat zinairuhusu. Chumvi ya bahari hubadilishwa kwa chumvi ya mawe.

Chakula kinachopikwa zaidi ni khichdi ya sabudana. Sabudana ni zile punje nyeupe kama shanga. Unaziosha hadi maji yawe maangavu, kisha unaziloweka kwa maji ya kufunika tu, kwa saa kadhaa. Ukitia mengi unapata uji. Ukibonyeza punje kwa vidole na ikapondeka bila kuacha kiini kigumu, ziko tayari. Karanga unazikaanga kavu, unazipepeta maganda, unazitwanga zibaki chengachenga. Samli ikipata moto unatia bizari nyembamba, pilipili mbichi, vipande vya viazi vilivyochemshwa, halafu sabudana na karanga, ukigeuza polepole hadi zile punje nyeupe ziwe kama kioo. Mwisho ndimu na sukari kidogo. Sabudana ya India hutengenezwa kwa muhogo, muhogo huuhuu wa Mkuranga na Tanga. Na muhogo, viazi, karanga na pilipili vyote asili yake ni Amerika; vilifika India na pwani yetu baada ya Wareno kuingia katika bahari hii. Kwa hiyo sahani ya leo ya Ekadashi ni changa sana kuliko Ekadashi yenyewe. Mfungo ulidumu, chakula kikabadilika, na hakuna aliyeona tatizo.

Tuuzunguke mwaka. Kwa Wagujarati unaanza siku inayofuata Diwali, Kartak sud 1. Diwali si mfungo; wenye maduka siku hiyo huombea vitabu vipya vya hesabu, na mmewaona Kariakoo na Mombasa. Lakini siku sita tu ndani ya mwaka mpya, watu wa jimbo la Bihar wana Chhath, na siwezi kuupita haraka mfungo huu ingawa si wa kwetu Gujarat.

Chhath huchukua siku nne. Ya kwanza wanaoga na kula mlo mmoja safi: wali, mung'unye na dengu. Ya pili wanafunga hadi jioni, wakala wali wa maziwa uliotiwa sukari guru pamoja na mkate. Kuanzia hapo hakuna chakula wala tone la maji kwa saa kama 36. Siku ya tatu jioni, huko Patna na miji mingine ya kando ya mto Ganga, wanawake kwa wanaume wanaingia majini hadi kiunoni wakiwa wameshika ungo wa mianzi wenye ndizi, nazi, miwa na thekua, vitumbua vikavu vya ngano, wakilielekea jua linalozama. Wanalitolea maji. Usiku hawali. Alfajiri wanarudi majini na kungoja. Kukiwa na ukungu jua linachelewa, nao wanachelewa. Likichomoza wanalitolea maji tena, kisha wanafungua. Hakuna haja ya padri. Mfungaji, familia yake, maji na jua vinatosha. Sijui ibada nyingine yetu inayoliheshimu jua linalotua kabla ya lile linalochomoza.

Mwezi wa Maha, vad 14, ni Shivaratri, karibu na giza kabisa. Huo ni mkesha: usiku hugawanywa mafungu manne, na kila fungu jiwe la Shiva huoshwa kwa maji na maziwa na kuwekwa majani ya mti wa bel. Wagujarati siku hiyo hula viazi vitamu. Holi, mwezi mpevu wa Fagan, wengine hufunga hadi moto mkubwa uwashwe jioni. Chaitra ina Ram Navami, kuzaliwa kwa Rama. Kisha inakuja Jeth, na Ekadashi yake ya sud iitwayo Nirjala, isiyo na maji hata kidogo, katika kipindi ambacho India ya kaskazini hupata joto la kuua. Inasemekana Bhima, wa pili kati ya Pandava, ndugu watano wa utenzi wa Mahabharata, aliyekuwa mlaji mkubwa, aliomba apunguziwe. Mzee Vyasa akamwambia afunge hiyo moja bila maji na thawabu itamfikia ya zote. Watu wanaokosa Ekadashi nyingine hujitahidi kushika hii.

Ashadh, ambayo mara nyingi huangukia Julai, ni ya wasichana wa Gujarat. Walimu, hapa nisikilizeni. Kuanzia sud 11 hadi mwezi mpevu kuna Gauri vrat, siku tano za kula bila chumvi. Kabla yake msichana hupanda ngano au shayiri kwenye kijungu kidogo, anamwagilia, na miche ile ya kijani kibichi huiombea kila asubuhi. Usiku wa mwisho wanakesha kwa michezo na nyimbo, kisha miche hupelekwa majini. Hushika hivyo miaka mitano mfululizo. Ukiwa na mwanafunzi wa Kigujarati anayesinzia kipindi cha kwanza siku moja ya Julai, na chakula chake cha mchana ni karanga na lozi, huenda hajalala kwa sababu hiyo.

Siku ileile Gauri vrat inapoanza, Vishnu hulala, na haamki hadi Kartak. Miezi minne hiyo, Chaturmas, haina harusi, na watu hujiwekea nadhiri za ziada. Katika Maharashtra mahujaji hutembea kwa miguu kutoka Alandi na Dehu hadi Pandharpur wafike Ekadashi hiyo. Nyumbani kwa kina Gandhi, Mahatma alisimulia juu ya mama yake, Putlibai, aliyeweka nadhiri ya kutokula Chaturmas moja bila kuliona jua. Na Chaturmas ni masika! Watoto walisimama nje wakikodolea mawingu. Jua likichungulia walikimbia kumwita, naye akatoka, jua likawa limejificha tena. Alisema haidhuru, Mungu hakutaka nile leo, akarudi kwenye kazi zake bila uso kukunjamana. Mtoto aliyeliona hilo ndiye aliyefunga Kolkata Septemba 1947 na Delhi Januari 1948 ili watu waache kuuana. Naamini shule yake ya kwanza ilikuwa ule uwanja wa nyumba yao.

Shravan ina Jumatatu za Shiva, halafu siku tatu ninazozipenda kuliko zote. Vad 6 ni Randhan Chhath: siku nzima hupikwa mikate ya thepla na puri, vyakula vya kukaa. Usiku jiko linazimwa, linasafishwa, linaachwa lipoe kabisa, na vad 7, siku ya Shitala, haliwashwi. Watu hula vilivyolala, huoga maji baridi, na jiko linapakwa alama nyekundu na kuombewa. Vad 8 ni Janmashtami, kuzaliwa kwa Krishna, mfungo unaokwisha usiku wa manane.

Shitala ndiye mama wa ndui. Husimuliwa kwamba usiku ule hupita nyumba kwa nyumba akijigaragaza ndani ya majiko yaliyopoa ili apate baridi. Mke mdogo wa nyumba moja alichoka kupika, akapitiwa na usingizi akimbembeleza mtoto, moto haujazimwa. Shitala akaungua, akalaani, na asubuhi mtoto akakutwa amekufa kwa moto. Mama akamweka mtoto kapuni, akashika njia kumtafuta mungu aliyemkosea. Mbele akamkuta bikizee chini ya mti, nywele zimejaa chawa, akamwomba amtoe. Yule mama aliyefiwa akaketi, akalaza kichwa cha bikizee mapajani, akaanza kuchambua. Kadiri kichwa kilivyopata nafuu, ndivyo mtoto alivyorudi kuwa hai. Bikizee yule ndiye Shitala mwenyewe.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui India aliugua mwaka 1975, na wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Merka, kwenye pwani ya Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ugonjwa umekwisha. Majiko ya Gujarat bado yanapoa siku ile. Mimi naona ni haki yapoe. Kwa karne nyingi akina mama hawakuwa na chanjo. Walikuwa na baridi, usafi na siku moja ya kupumzisha moto.

Baada ya hapo kuna Ganesh Chaturthi, siku ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, katika mwezi wa Bhadarvo, halafu wiki mbili za kuwakumbuka marehemu, kisha Aso na Navratri, usiku tisa wa mungu wa kike. Wengine hula matunda tu, na usiku wanacheza garba, ngoma ya duara. UNESCO iliitambua garba ya Gujarat mwaka 2023 katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Septemba 2014 Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alialikwa chakula cha jioni Ikulu ya Marekani katikati ya Navratri, akanywa maji. Mwezi haukusogea kwa ajili ya Ikulu.

Aso vad 4, wake wa Punjab na Rajasthan wana Karva Chauth. Wapunjabi wa Nairobi nao wanaishika. Wanakula daku kabla ya alfajiri, wanashinda bila maji, na jioni wanangoja mwezi uchomoze, wautazame kupitia chekeche, kisha mume ampe mkewe maji ya kwanza. Ni kwa ajili ya umri mrefu wa mume.

Hapa lazima niseme wazi. Mifungo mingi ya wanawake wetu ni kwa ajili ya mume, mtoto au mume atakayekuja, na mwanamume hana orodha kama hiyo kwa ajili ya mkewe. Mabinti wanauliza kwa nini, na wana haki ya kuuliza. Wapo waume wanaofunga pamoja na wake zao siku hizi, na nawaheshimu. Lakini nayaona pia mambo mengine. Wafanyabiashara wa Kutch waliovuka na kaskazi kuja Unguja karne ya 19, tangu enzi za Jairam Shivji aliyeshika forodha ya Seyyid Said, wengi walikuja bila wake zao. Naamini mifungo ya jikoni, ile ya miche na jiko baridi, ilivuka bahari baadaye, vichwani mwa wanawake waliokuja na visa vyake. Walijua tithi, walijua kisa, na ni wao waliowaambia waume zao leo ni siku gani. Kwangu vrat halali ni ile iliyowekwa na mwenye mwili mwenyewe. Mama mkwe hawezi kumwekea mkaza mwana. Na ina mwisho wake: miaka ikitimia unafanya ujavanu, unawalisha wenzako waliokuwa na nadhiri ile, umemaliza, hudaiwi kitu.

Mgonjwa, mjamzito, mtoto na mzee hawatakiwi kujitesa. Mwenye kisukari amwone daktari wake kabla ya Nirjala, asinione mimi. Anayeshindwa kufunga anaweza kusikiliza kisa na kutoa sadaka, na siku yake inahesabiwa.

Walimu, mkitaka kupanga mtihani au safari, msiniulize mwezi gani tunafunga. Mwulizeni mwanafunzi anafungua saa ngapi: macheo, jioni, mwezi ukichomoza, au usiku wa manane. Atakujibu upesi, kwa sababu ndilo jambo analolihesabu tangu asubuhi. Na nyinyi vijana wa Kisutu, kalenda ya ukutani iliyotoka Ahmedabad msiitupe, ina majina na visa ambavyo simu haina. Saa tu, chukueni ya Dar es Salaam.

Nashukuru sana. Maswali karibuni. Mwalimu wa jiografia aliyeinua mkono tangu nilipotaja nyuzi 12, tuanze na wewe.